Bastola ya .22 Isiyokwama: Kipi Kinunuliwe Kwanza na Kipi Kisubiri

Mlenga shabaha wa Nairobi ambaye bastola yake ya .22 (kipimo cha risasi ndogo, kwa inchi) inakwama mara kwa mara huanza kwa kutamani kifyatuo kipya, yaani kile kinachovutwa kwa kidole, au hata bastola nyingine kabisa, ilhali vitu vinavyoondoa tatizo hilo mara nyingi ni vya bei ndogo zaidi na vimekaa kwenye rafu ya muuzaji yule yule. Mwongozo huu unavipanga vitu hivyo kwa utaratibu mmoja tu: kila shilingi inayotumika inapunguza kukwama kwa kiasi gani. Umeandikiwa mwenye cheti halali cha silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, anayepiga shabaha kwenye uwanja unaoruhusiwa.

Katika shindano la kupiga kwa haraka la mita 25, mpigaji hufyatua risasi tano kwa sekunde 8, kisha tano kwa sekunde 6, kisha tano kwa sekunde 4. Kwenye sekunde hizo nne hakuna nafasi ya kuvuta slaidi, kile chuma kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, kwa mkono na kumwaga ganda lililobanwa. Lakini duara la kumi, yaani la katikati lenye alama kumi, la shabaha ya mashindano hayo lina kipenyo cha milimita 100, na hata lile la shabaha ya kupiga polepole lina milimita 50. Bastola yoyote nzuri ya shabaha inaweza kuligonga duara hilo kwa risasi za bei ya wastani. Ndiyo maana ninaamini kwa dhati kwamba mpigaji wa kawaida anapaswa kununua uhakika wa kufyatuka kabla ya kununua usahihi wa ziada.

Kabla ya kutoa pesa, andika kwenye daftari dogo kila mara bastola inapokwama: ni risasi ambayo haikupanda chemba (mahali inapokaa nyuma ya mtutu), ni ganda lililosimama wima likabanwa na slaidi, ni ganda lililobaki ndani ya chemba, au ni risasi iliyogoma kulipuka? Andika pia ulitumia magazini (kibebeo cha risasi) gani na risasi za kiwanda gani. Risasi ikigoma, elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri sekunde 30 kabla ya kuitoa, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kuwaka. Kurasa chache za daftari hilo zitamwonyesha fundi mengi kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Nafasi ya kwanza, bila mshindani, ni ya risasi zenyewe. Risasi ya .22 Long Rifle, ambayo imekuwapo tangu 1887, haina kiwashio katikati ya kitako kama ilivyo kwa risasi kubwa; kemikali ya kuwashia imesambazwa ndani ya pindo la kitako, na pale isipoenea sawasawa pini ya kufyatulia hugonga mahali patupu. Kichwa chake cha madini ya risasi kimepakwa nta au grisi kwa nje, nayo hubaki kwenye chemba na kushika masizi. Kwa hiyo tofauti kati ya kiwanda na kiwanda huonekana katika .22 kuliko katika risasi za aina nyingi nyingine.

Kwa bastola za Marekani kama Ruger Mark IV, Browning Buck Mark au Smith & Wesson Model 41, ningeanza na CCI Standard Velocity, yenye kichwa cha gramu 2.6 na kasi ambayo kiwanda kinaitaja kuwa takriban mita 326 kwa sekunde. Bei yake ni ya wastani, hulipuka kwa uthabiti na husukuma slaidi kwa nguvu ya kutosha bila kuitesa. Kwa bastola za Ulaya, kama vile Walther GSP au Pardini SP, ningetanguliza risasi za SK zinazotengenezwa Ujerumani, hasa Standard Plus, na kwa mwenye uwezo zaidi, Pistol Match. Eley Tenex ni risasi bora sana, na wapigaji wa bunduki ndefu wa mita 50 wana sababu nzuri ya kuilipia, lakini kwa bastola ya mita 25 ninaiweka chini kwenye orodha: faida yake inamezwa na mkono wa mpigaji.

Risasi za kasi kubwa, kama CCI Mini-Mag inayotajwa kufikia takriban mita 376 kwa sekunde, huwavutia watu kwa sababu slaidi inarudi kwa kishindo na maganda yanaruka mbali. Baadhi ya bastola, zikiwemo Ruger na Buck Mark, zinazimudu. Bastola nyingi za mashindano, hata hivyo, zimewekewa springi ya risasi za kasi ya kawaida, na nguvu ya ziada huchosha vyuma vyake. Soma kitabu cha bastola yako kabla ya kujaribu. Vichwa vyenye tundu mbele havina kazi kwenye karatasi ya shabaha, na baadhi ya magazini hazivipendi.

Usinunue katoni nzima ya risasi 500 kwa kusikia sifa. Nunua boksi moja moja la risasi 50 la aina mbili au tatu, lijaribu kwenye bastola iliyosafishwa, kisha ndipo ununue kwa wingi ile iliyokubaliana na bastola yako. Utaratibu huu unaifaa pia sheria yetu, kwa maana cheti chako kinataja idadi ya risasi unayoruhusiwa kununua na kuhifadhi, na hakuna haja ya kuijaza kwa risasi ambazo bastola inazikataa.

Nafasi ya pili ni magazini. Ukiwa na mbili au tatu, zitie namba kwa rangi au kalamu isiyofutika, na daftari litakuonyesha upesi kama kukwama kunafuata magazini moja. Midomo ya juu inayoshikilia risasi ikipinda hata kidogo, baada ya kuanguka sakafuni kwa mfano, risasi huingia chembani ikiwa imeinama. Magazini ya namna hiyo itolewe kwenye matumizi, na usijaribu kuinyoosha kwa koleo. Nunua mpya ya kiwanda kilichotengeneza bastola, hata kama ya kampuni nyingine ni nafuu. Jambo jingine halihitaji pesa: unapojaza, shusha kitufe cha pembeni kidogo kidogo, risasi baada ya risasi. Ukikishusha chote kwa mara moja, pindo la risasi ya juu laweza kukaa nyuma ya pindo la risasi ya chini yake, nazo zikashikana.

Nafasi ya tatu ni vifaa vya kusafishia, na hapa Nairobi mtu anaweza kutumia pesa kidogo sana. Thibitisha kwanza kwamba magazini imetolewa na chemba ni tupu, na risasi zote zitoke kwenye chumba unamosafishia. Sehemu zinazohitaji kusafishwa mara nyingi ni chemba, uso wa bolti (chuma kinachoziba chemba kwa nyuma) na ukucha unaochomoa ganda, kwa sababu hapo ndipo nta na masizi hujikusanya na kuganda. Tundu la mtutu lenyewe halihitaji kusuguliwa kila siku. Nunua brashi ya shaba ya kipimo cha .22 kwa ajili ya chemba, brashi ya nailoni (mswaki mgumu unatosha), vipande vya kitambaa cha pamba, na kamba ya kuvuta inayoingizwa upande wa chemba na kutokea mdomoni mwa mtutu. Fimbo ya chuma inayosukumwa kutoka mdomoni ninaiweka mwisho kabisa, kwa kuwa ikisugua ukingo wa mdomo huo inaharibu usahihi ambao hakuna brashi itakayourudisha.

Kwa kuyeyusha uchafu, Hoppe's No. 9 na Ballistol zimethibitika kwa zaidi ya miaka 100. Zisipopatikana, mafuta ya taa yanafanya kazi kwenye vyuma, mradi ufanye kazi nje au karibu na dirisha, mbali na moto, kisha upake mafuta mapya, maana hukiacha chuma kikavu. Kwa kulainisha, mafuta meupe ya cherehani yanayotumiwa na mafundi wa nguo jijini ni mepesi na yanafaa kwa matone machache kwenye njia za slaidi. Matone machache tu, kwani mafuta mengi hukusanya baruti isiyoungua na lile vumbi jekundu la Januari na Februari, yakawa tope la kusaga. Grisi nzito siipendekezi kwa .22: nguvu ya risasi hii ni ndogo, na baridi ya asubuhi za Julai huifanya grisi kuwa nzito zaidi. Masika ya Machi hadi Mei yakija, usiiache bastola ndani ya mfuko wa ngozi au sanduku lenye sponji, maana hushika unyevu. Iweke ndani ya sefu pamoja na vifuko vya kunyonya maji. Baada ya kusafisha, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula, kwa sababu masizi hayo yana madini ya risasi yenye sumu.

Nafasi ya nne ni springi ya kurudisha slaidi. Huchoka baada ya risasi elfu kadhaa, na dalili yake ni slaidi isiyofunga sawasawa ingawa bastola ni safi. Ni kitu cha bei ndogo.

Nafasi ya tano ni ukucha wa kuchomoa ganda na pini ya kufyatulia. Ikiwa maganda yanabaki chembani licha ya usafi, huenda ukucha umechakaa; wenye Ruger wanaweza kuulizia ule wa kampuni ya Volquartsen, ambao una ncha kali kuliko wa kiwandani. Kwa risasi zinazogoma, linganisha alama ya pini kwenye mapindo yake: alama za kina zinailaumu risasi, alama hafifu zinailaumu pini, springi yake au uchafu ulio kwenye njia yake. Kufyatua bastola tupu nyumbani bila risasi bandia ya plastiki huifanya pini igonge ukingo wa chemba katika bastola nyingi, na ukingo ukivimba risasi hazipandi tena vizuri. Sehemu hizi zisiagizwe mtandaoni kabla ya kumwuliza muuzaji wa silaha aliyesajiliwa kuhusu kibali, na ziwekwe na fundi aliye chini ya muuzaji kama huyo.

Mwisho kabisa ni kifyatuo chepesi. Kanuni za kimataifa zinataka kifyatuo cha bastola ya .22 ya mita 25 kiwe na uzito usiopungua gramu 1,000, na wengine huufikia uzito huo kwa kulegeza springi ya nyundo, hatua inayoleta alama hafifu za pini na risasi zinazogoma. Ukikihitaji kweli, mwombe fundi akirekebishe bila kuigusa springi hiyo, akipime kwa uzani mbele yako, na akiache juu kidogo ya gramu 1,000.