Kompyuta ya kuchomeka kwenye TV: usiulize kama ni i5, uliza jenereshen ya ngapi

Jamani hii naiandika nikiwa bado na hasira, na pia kwa sababu wengi mmeniuliza kuhusu vile vikompyuta vidogo vya kukaa nyuma ya TV, kipi ninunue, kipi niache.

Kilichotokea ni hiki. Tulikuwa na send-off ya mdogo wangu, mpiga video akatuletea kazi yake kwenye flashi, nzuri, 4K. Jumapili moja mama akaja kutoka Tanga, mashangazi wakaja, mkeka umetandikwa, pilau ipo, maana wengine hawakuwahi kufika ukumbini na walikuwa wanaisubiri hiyo video kama nini. Nikawasha kikompyuta changu, mtumba lakini kisafi, prosesa (ubongo wa kompyuta) ni i5 ya kampuni ya Intel, RAM 8, SSD 256, nimekinunua Kariakoo kwa laki tatu na themanini. Dakika haijaisha picha ikaanza kukwama, sauti ya MC inaenda, mdogo wangu kwenye TV kasimama mkono juu hashuki, halafu anaruka mpaka kwenye keki, halafu anaganda tena, na feni inalia utadhani mashine ya kukoboa. Shangazi akasema huyo mpiga video kawaibia. Tukampigia, masikini kijana wa watu, akaniambia dada hebu ijaribu kwenye simu kwanza. Simu ya kawaida tu ya mdogo wangu ikacheza faili lile lile bila kukwama hata mara moja. Tukaishia kupokezana simu, wazee wanakodoa macho.

Yaani simu inaweza, "i5" haiwezi. Nikaanza kuchimba.

Video nyingi za siku hizi zinafungwa, yaani zinabanwa ziwe ndogo, kwa mfumo wa HEVC, wengine wanaiita H.265, ilitoka 2013, na faida yake ni kwamba faili linakuwa karibu nusu ya lile la H.264, mfumo wa kabla yake, kwa ubora ule ule. Kuzifungua kunataka kipande maalum ndani ya prosesa, mi nakiita king'amuzi, maana kazi yake ndo hiyo hiyo. Kama kipo, video inacheza kimya kimya na prosesa imepumzika. Kama hakipo, prosesa inabeba mzigo wote yenyewe, ndo hapo feni inalia na picha inakatika. Changu kilikuwa i5-4570T, ile 4 ya mwanzo maana yake jenereshen ya nne, yaani kizazi cha nne, na king'amuzi cha jenereshen ya nne hakiijui HEVC kabisa. Ya sita inaijua ya biti 8 tu (biti zikiwa nyingi, rangi za video zinakuwa laini zaidi). Ya biti 10, kama ile ya send-off yetu, inaanza jenereshen ya 7. Hata Netflix walipoleta 4K kwenye Windows mwaka 2016 walidai jenereshen ya 7 kwenda juu.

Sasa mtafute muuzaji mmoja wa kukwambia hivyo. Watakwambia RAM, watakwambia SSD mpyaa, watakwambia "inapiga kila kitu dada", na wewe unalipa pesa kwa neno i5, wakati i5 zimekuwepo tangu 2009 na tofauti kati ya moja na nyingine ni kama ardhi na mbingu. RAM na SSD sizungumzii hapa, GB 8 zinatosha, tuendelee.

Namba moja kwangu ni kikompyuta chenye Intel N100, na siwafichi, hapa mi ni mtu wa Intel. Hii chipu ilitoka 2023, ina kori nne, imepangiwa wati 6, wakati ile i5 yangu imepangiwa wati 35, sasa wewe unayenunua umeme wa LUKU unajua hiyo maana yake nini kama TV inawaka toka watoto wametoka shule mpaka usiku. King'amuzi chake kinafungua HEVC ya biti 10, kinafungua VP9 ya YouTube, mfumo mwingine wa kubana video, na kinafungua AV1, ambayo ndo mpya ya 2018 na YouTube wanaitumia sana, video inabana zaidi kwa hiyo na bando linakwenda taratibu. Ndugu zake N95, N97 na N150 nao wako vizuri. Ila angalia sana hapa, kuna vikompyuta sura ile ile, boksi lile lile, ndani ni N5095 au J4125. Hivyo HEVC vinaweza, AV1 haviwezi. Si vibaya, ila usilipe bei ya N100. Geuza kikompyuta chini usome, halafu kiwashe usome tena kwenye skrini, stika mtu anabandika.

Namba mbili, vile vya ofisi vya mtumba kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Ni chuma kweli, na kama unataka mashine watoto wafanyie pia homework huenda hii ikakufaa kuliko N100. Lakini namba ianze na 8, mfano i5-8500T. Ya 7 inacheza HEVC biti 10 bila shida ila Windows 11 rasmi haiikubali, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ofisi za nje zinazitupa na zinakuja kwetu kwa mafungu. Ukiipata ya 7 kwa bei ya chini sana chukua. Ya 4 hata ya bure nitafikiria mara mbili. Kitu kingine, vingi vya zamani havina tundu la HDMI, vina matundu ya aina nyingine, DisplayPort na VGA, na muuzaji atakuuzia adapta pembeni kana kwamba anakufanyia fadhila.

AMD Ryzen, prosesa za washindani wa Intel, ninaiweka ya tatu, na wapenzi wa AMD mtanisamehe. Kuanzia zile za 2018 zinafungua HEVC biti 10 na VP9 vizuri tu. Tatizo langu ni majina. AV1 ilianza kwenye familia ya 6000, sasa mtu anaona Ryzen 5 7530U anasema 7000 si ni mpya zaidi, kumbe ndani ni ya zamani na AV1 haina. Nani ana muda huo? Mama yangu akienda dukani atajuaje?

Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja ndogo, kwa mtu anayependa kuchokonoa ni sawa, unaweka LibreELEC, mfumo wa kuchezea video, unakaa. Pi 4 na Pi 5 zote zinafungua HEVC ya 4K. Lakini Pi 5 waliiondolea king'amuzi cha H.264, video za zamani inazifungua kwa nguvu ya prosesa, inaweza ila moto unapanda. Halafu bei unayotajiwa ni ya bodi tupu. Chaja yake ya wati 27, kava, feni, kadi ya memori, waya wa HDMI ndogo, ukijumlisha yote unashangaa umefika bei ya N100 kamili yenye kila kitu.

Apple TV picha safi, ila haina tundu la flashi, sasa video ya send-off naiweka wapi. Viboksi vya Android vya bei chee vilivyoandikwa 8K kwa nje: vingi havina kibali cha Netflix cha kiwango cha juu, unapata picha ya 480 kwenye TV ya inchi 55. Basi.

Jinsi ya kupima dukani, na hii msiache. Nenda na flashi yako yenye video ya HEVC biti 10, ifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia Performance, chagua GPU (sehemu ya picha), angalia pale pameandikwa Video Decode. Kama ule mstari unapanda na CPU (prosesa) iko chini, king'amuzi kinafanya kazi. Kama Video Decode imelala sifuri na CPU iko asilimia tisini, mrudishie mashine yake uondoke. Dakika tatu tu. Mi zingeniokolea laki nne kasoro.

Maana nilipoirudisha siku ya nne niliambiwa "mbona inawaka?" halafu nikaonyeshwa risiti, chini kwa maandishi madogo, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Inawaka! Nani alisema haiwaki? Na hii tabia ya kuposti picha bila bei, "bei njoo DM", inaniumiza sana. Niliulizia kikompyuta kimoja nikaambiwa laki nne na nusu, kaka yangu akaulizia kile kile jioni ile akaambiwa laki tatu na tisini. Sielewi wanapima nini, sura ya profaili?

Kwa hiyo mi sasa natuma meseji moja tu kwa kila duka: "Habari, naomba namba kamili ya prosesa na bei." Anayenijibu "ni i5 dada, karibu dukani" simjibu tena.