Forodhani, palipokuwa na stesheni: tathmini ya bustani na barabara yake

Jumamosi iliyopita nilifuatana na bibi yangu, mzaa mama, kutoka Bububu hadi Forodhani, bustani ya pwani iliyo Mji Mkongwe wa Unguja, kwenda kupunga upepo na kula chakula cha usiku. Bibi amekwisha kuvuka miaka themanini, anatembea kwa mkongojo, na goti lake la kulia halistahamili ngazi. Mimi nimekwenda Forodhani mara zisizo na hesabu, lakini safari hii nilikwenda kwa mwendo wake, na mwendo huo ulinionyesha mambo ambayo mtu mwenye miguu mizima huyapita bila ya kuyaona. Kwa hiyo, pamoja na chakula, nitaeleza namna tulivyofika, tulivyovuka barabara iliyo mbele ya bustani, tulivyokaa na tulivyoondoka, kwa sababu mgeni wa Forodhani huanza kuhudumiwa pale anaposhuka garini, kabla hajapewa sahani.

Tulipanda daladala ya 502. Njia ya Bububu ina historia ambayo wengi wetu tumeisahau: kuanzia mwaka 1905 palikuwa na reli kati ya Bububu na mji, urefu wa kiasi cha maili 7, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, na kituo chake cha mjini kilikuwa Ngome Kongwe, yaani hapo hapo ambapo leo tunakwenda kula mishikaki. Gari moshi hilo lilipita Malindi katikati ya nyumba, karibu mno na milango ya watu, kisha likashika njia ya pwani kuelekea Mtoni. Bibi hakuiwahi reli hiyo, kwani ilifungwa kwa abiria mwaka 1922 na ikaachwa kabisa mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini baba yake aliipanda alipokuwa mtoto na alimsimulia mara nyingi, khasa moshi wake na makelele yake.

Ninaitaja reli hiyo kwa sababu inaeleza kwa nini pana uwanja mpana namna ile katika mji uliobanana kama Mji Mkongwe. Kabla ya kuwa bustani, Forodhani palikuwa mahala pa kazi: mabanda ya forodha, ambayo ndiyo yaliyolipa eneo jina lake, shehena za karafuu, wachukuzi, gari za hamali na reli. Bandari mpya ya Malindi ilipokamilika mwaka 1929, shughuli za mizigo zilihamia huko, na mwaka 1936, Sultan Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala wake, eneo lile lilikuwa limegeuzwa bustani ya wananchi. Bustani ilipewa jina rasmi la jubilei, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikaitwa ya Jamhuri, lakini watu hawakuacha kusema Forodhani. Yaani raha tunayoipata pale leo ilitokana na uamuzi wa kuhamisha msongamano, na uamuzi huo ulifanywa kwa makusudi.

Tulishuka karibu na Darajani tukakata kwa miguu, kupitia Changa Bazaar na Hurumzi, hadi ubavuni mwa Beit al Ajaib, jumba la kale lililo mkabala na bustani. Kwa mtu mwenye miguu mizima ni mwendo mfupi sana; sisi ulituchukua karibu nusu saa. Bibi alipumzika mara tatu juu ya baraza za watu, na kila mara waliokuwepo walimsogelea na kumpa nafasi. "Karibu, bi mkubwa, pumzika," alisema mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa, na hakuuliza tunakwenda wapi mpaka bibi aliposhusha pumzi. Ninaamini kwamba baraza hizi za mawe, zilizojengwa pamoja na nyumba, ndizo viti bora vya umma tulivyonavyo, na mpango wowote wa kuboresha njia za Mji Mkongwe unapaswa kuanza kwa kuhakikisha kwamba hazizibwi na bidhaa za maduka. Katika Hurumzi tulipita baraza kadhaa zilizofunikwa kwa vinyago na mashuka ya kuuzia wageni, na mzee hana pa kukaa hapo ila asimame.

Ndani ya bustani yenyewe nina sifa nyingi. Ukarabati uliofanywa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, uliomalizika mwaka 2009, bado unaonekana: ukuta wa bahari uko imara, njia za ndani ni pana na tambarare kiasi cha kuwa mkongojo wa bibi haukunasa mahala, miti mikubwa imehifadhiwa, na taa zinaangaza bila ya kuumiza macho. Tulikaa upande wa bahari tukawatazama vijana wakikimbia na kuruka kutoka ukutani kuingia majini, mmoja baada ya mwingine, huku jua likizama nyuma ya majahazi. Familia za Ng'ambo (mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe), wageni wenye kamera na wauza kahawa walikuwa wamechanganyika, na hapakuwa na mlango wa kulipia wala mtu wa kutuuliza tumefuata nini. Kasoro niliyoiona ni kwamba viti vyenye pa kuegemea ni vichache, na vilivyopo hujaa kabla ya maghribi. Kwa mgongo wa mzee, kukaa juu ya ukuta kwa saa mbili si jambo dogo.

Chakula nitakieleza kwa ufupi, kwa sababu sifa zake zinajulikana. Juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi ilikuwa nzuri kupita kiasi, na urojo ulikuwa na ukali wa embe unaotakiwa. Pizza ya Forodhani, ambayo ni chapati nyembamba iliyokunjwa ikiwa na nyama ya kusaga, kitunguu na yai ndani, tulipewa ikiwa moto kutoka kikaangoni. Kwa pweza na ngisi nashauri uangalifu. Bibi alimwuliza kijana mpishi, "Mwanangu, pweza huyu wa leo?" Kijana akamjibu kwa adabu, "Wa leo, bibi, na huyu wako namtia motoni sasa hivi." Alifanya hivyo, na pweza alikuwa laini. Katika meza nyingine, ambapo vipande vilikuwa vimekwisha kuchomwa mapema na vikapashwa tu moto mteja alipofika, tulipata ngisi mgumu asiyetafunika. Bei hazikuandikwa mahala popote katika meza tulizozipitia, na nilimsikia mgeni mmoja akitajiwa bei iliyo mbali kabisa na ile niliyotajiwa mimi kwa mshikaki ule ule. Bango dogo la bei mbele ya kila meza lingewatendea haki wateja wote, na lingewaondolea wapishi waaminifu, ambao ndio wengi, shaka wasiyostahiki.

Sasa nije kwenye barabara, ambayo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Kati ya bustani kwa upande mmoja, na Ngome Kongwe na Beit al Ajaib kwa upande wa pili, inapita njia inayotoka Malindi, ikapita Mtini, penye mti mkubwa, na mbele ya majumba ya zamani ya pwani, kisha ikaingia chini ya Nyumba ya Mayatima kupitia mpenyo mwembamba na kutokea Shangani. Ni barabara moja nyembamba inayotakiwa kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja: kuwafikisha wageni wa bustani, kupeleka mizigo ya wapishi, kupitisha teksi na gari za watalii ziendazo hoteli za Shangani, na kuwavusha watembea kwa miguu kutoka vichochoroni hadi pwani. Asubuhi inaiweza kazi hiyo. Kuanzia alasiri inashindwa, na baada ya maghribi hali huwa ya hatari.

Nilikaa nikaiangalia kwa muda mrefu, na nikaona kwamba tatizo kubwa zaidi linaletwa na gari zinazosimama, kuliko wingi wa zile zinazopita. Gari ya watalii inasimama katikati ya njia kushusha watu. Upande mmoja zimeegeshwa gari nyingine, upande wa pili umati umejaa, kwa hiyo ya nyuma haiwezi kupita, nayo inapiga honi. Iliyo nyuma ya hiyo inajaribu kurudi kinyumenyume, inakutana na vespa mbili na gari ya hamali. Zile zinazotoka upande wa Shangani zinafika kwenye mpenyo, zinakuta njia imeziba, zinabaki chini ya jengo moshi ukiwajaa watu. Mtu mmoja aliyesimama dakika mbili huwazuia wengine wote. Wakati huo ndipo bibi alipotaka kuvuka. Tulisubiri, gari zikasimama, tukaanza kwenda, na honda ikachomoka katikati ya gari mbili ikaupiga mkongojo ukamtoka mkononi. Bibi hakuanguka, Alhamdulillahi, kwa sababu nilikuwa nimemshika. Kijana aliyekuwa akiuza kashata aliingia barabarani, akanyoosha mikono yote miwili kuzuia magari, akatuvusha kama anayevusha watoto wa skuli. Namshukuru sana, lakini usalama wa wazee haufai kutegemea huruma ya muuza kashata.

Pendekezo langu ni kwamba kipande cha barabara kuanzia Mtini hadi kwenye mpenyo wa Nyumba ya Mayatima kifungwe kwa magari ya kawaida kila siku, kuanzia alasiri hadi wapishi wanapofunga meza zao. Wapishi waingize mizigo yao kabla ya saa hiyo. Teksi na gari za watalii ziwe na vituo viwili vya kushushia na kupakilia, kimoja upande wa Malindi na kimoja upande wa Shangani, ambavyo vyote viko karibu kiasi cha mtu kufika kwa miguu. Wakaazi wa eneo hilo wapewe vibali. Kwa wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu, bajaji chache za umeme ziruhusiwe kupita polepole, na mizigo ya hoteli ibebwe na hamali, kazi ambayo mji huu umeijua tangu enzi za forodha yenyewe. Mbele ya lango la Ngome, barabara iinuliwe ilingane na njia ya miguu, ili atakayevuka asishuke wala kupanda hata kidogo, na dereva atakayepita ahisi chini ya magurudumu kwamba ameingia mahala pa watu.

Najua wataulizana kuhusu zimamoto, na swali hilo ni la haki, kwa kuwa meza za Forodhani zinatumia makaa na mafuta ya moto. Lakini barabara iliyofungwa kwa nguzo zinazong'oka kwa mkono iko wazi zaidi kwa gari la zimamoto kuliko barabara iliyojaa gari zilizoegeshwa ambazo madereva wake wamekwenda kula. Wataulizana pia kuhusu riziki ya madereva wa teksi, na hao wasikilizwe mapema, kabla ya alama yoyote kuwekwa, kwa sababu wao ndio wanaojua wateja wao hushukia wapi na kwa saa ngapi.

Mfano tunao tayari. Karibu kila Februari, tangu mwaka 2004, tamasha la Sauti za Busara limekuwa likiwaleta watu wengi Ngome Kongwe, na katika usiku wa tamasha umati hufurika hadi nje, kiasi kwamba gari zenyewe huona haya kupita. Nimetembea pale usiku kama huo nikiwa na mtoto mdogo mkononi, na nilikuwa na amani ambayo Jumamosi iliyopita sikuwa nayo.

Jambo la mwisho linahusu Beit al Ajaib. Jumba hilo, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, na tangu hapo eneo lake limekuwa la ujenzi. Kazi itakapomalizika, patakuwa na fursa ya kuunganisha uwanja ulio mbele ya jumba, uwanja wa Ngome na bustani kuwa uwanja mmoja, badala ya vipande vitatu vilivyokatwa na barabara. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, hivyo mabadiliko hayo yatapaswa kupitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe na kufuata mawe na chokaa ya hapa. Ningefurahi iwapo mafundi wangelaza katika sakafu ya uwanja huo mistari miwili ya chuma kuonyesha palipopita reli ya Bububu, ili mtoto aulize, na bibi yake apate la kumjibu.

Kwa sasa, anayekwenda na mzee nashauri aende siku ya kazi badala ya Jumamosi, afike mapema kabla ya maghribi wakati viti bado vipo, apite njia ya Hurumzi yenye baraza za kupumzikia, na avuke mbele ya lango la Ngome, ambapo dereva humwona mtu kwa mbali. Wakati wa kurudi asiite teksi ije hadi bustanini. Sisi tulijikongoja taratibu hadi Mtini, tukakaa chini ya mti, na teksi ikatukuta hapo bila ya kumzuia mtu yeyote.