Roland JC-120: uzoefu wa mpiga rizimu aliyezeeka na ampu yake

Nianze na uzito, maana ndiyo habari ya kwanza utakayoipata ukiigusa ampu hii, yaani kikuza sauti cha gitaa la umeme: kilo 28. Kwa kijana si kitu. Kwa mtu wa umri wangu ni jambo la kupangwa mapema, nani atashika upande wa pili na nani atatangulia kufungua mlango. Magurudumu inayo, na kwenye sakafu laini utaisukuma kwa mkono mmoja huku unapiga soga. Shida ni kwamba bendi za ridhaa kama zetu hazipitishwi mlango wa mbele. Tunapitishwa nyuma, na nyuma kuna ngazi.

Nimepiga gitaa la rizimu karibu utu uzima wangu wote bila kulitegemea kwa riziki. Mchana nilikuwa na kazi yangu, mwisho wa wiki nilikuwa na bendi. Vyombo vingi vimepita mikononi mwangu, vingine nimeviuza bila hata kuviaga. Hii ampu nimebaki nayo.

JC ni kifupi cha Jazz Chorus. Roland walianza kuitoa mwaka 1975, miaka mitatu tu baada ya Ikutaro Kakehashi kuianzisha kampuni hiyo huko Japani, na hadi leo inatengenezwa ikiwa na umbo lilelile: spika mbili za inchi 12, kila moja ikiwa na wati 60 zake. Ndani hakuna valvu hata moja, zile taa za kioo za kukuza sauti za mitambo ya zamani, ni transista tupu. Enzi zetu, kumwambia mpiga gitaa kwamba ampu yake ni ya transista ilikuwa karibu na kumtukana. Mpiga solo wetu alikuwa na Twin Reverb ya Fender, ya valvu, na siku nilipoingia mazoezini na JC aliiangalia kama mtu anayeangalia friji. Akauliza kama inatoa na barafu.

Sibishi, Twin ni ampu nzuri sana. Ila zina tabia tofauti. Ampu ya valvu ukiipandisha inafika mahali inaanza kukwaruza, noti zinashikana, na kidole kilichoteleza kinafichwa humohumo kwenye mngurumo. JC haina huruma hiyo. Ukiipandisha, inaongeza sauti, basi. Ukigusa uzi usiohusika, ukumbi wote umesikia. Kwa mpiga solo hiyo ni adhabu. Kwa mpiga rizimu, naona ndiyo shule, kwa sababu kazi yangu ni kupiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ambazo kila uzi ndani yake una sababu ya kuwepo. Nikipiga kodi yenye noti nne, nataka nne zisikike, si donge moja la sauti.

Na hili ndilo ninalotaka wenzangu wa umri huu, na vijana pia, walielewe kuhusu hii ampu: ilitugeuza bendi nzima, si gitaa langu tu. Kabla yake tulikuwa na vita ya sauti. Mimi sisikiki, napandisha. Mpiga solo naye anapandisha. Mpiga besi, ambaye alikuwa mtu mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo, hakuwa anasema kitu. Ungeona tu mkono wake umeenda nyuma taratibu kwenye ampu yake. Mwimbaji anabaki anapiga kelele hadi mishipa ya shingo inamtoka. Watu hudhani dawa ni wati zaidi. Si kweli. Ukiongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 60 hadi 120, unapata desibeli 3 tu, na sikio la kawaida huhesabu hapo "imepanda kidogo". Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji nguvu karibu mara kumi. Kwa hiyo mtu anayepigania kusikika kwa wati anajichosha.

Gitaa langu lilipotakata, sikuhitaji tena kushindana. Nilikuwa nasikika nikiwa chini. Mpiga besi aliposikia naacha nafasi, naye akaanza kuziacha. Tulichukua muda kuzoea, na mpiga ngoma alilalamika kwamba sasa makosa yake yanasikika, jambo ambalo sote tulilijua siku nyingi isipokuwa yeye.

Sasa tuje kwenye korasi yenyewe. Simaanishi kiitikio cha wimbo, naongelea ile athari ya sauti iliyoipa ampu jina. Namna inavyofanya kazi ndiyo inayoitofautisha na pedali nyingi, vile visanduku vya athari vinavyokanyagwa kwa mguu. Spika moja inatoa gitaa lako kama lilivyo. Spika ya pili inatoa gitaa hilohilo, lakini limecheleweshwa kidogo sana na kuyumbishwa juu na chini ya tyuni, polepole. Sauti hizo mbili hazichanganywi ndani ya boksi. Zinakutana hewani, mbele yako, na sikio linasikia magitaa mawili yanayopiga kitu kimoja. Ukisimama katikati ya spika, mita chache mbele, unaielewa mara moja. Ukiinamisha sikio kwenye spika moja tu, uzuri wote unapotea.

Kuna mafundi wa sauti wasiolijua hilo. Tulipiga harusi moja kwenye ukumbi mkubwa wenye mitambo yao wenyewe, fundi akaja na maiki moja, akaisimamisha mbele ya spika ya kulia, akaenda zake. Nikamfuata, nikamwambia, ndugu yangu, hii inataka maiki mbili, moja kila spika, halafu kwenye mikisa moja uipeleke kushoto na nyingine kulia. Akanijibu kwa heshima zote, "Mzee, gitaa ni gitaa." Tukapiga. Pale jukwaani nilikuwa naogelea kwenye raha, huku wageni wanasikia gitaa linaloyumba kama kanda iliyolegea, kwa sababu spika aliyoichagua ndiyo ile inayoyumbishwa. Mwimbaji wetu wa kike alishuka kati ya nyimbo mbili, akasikiliza kutoka kwenye meza za wageni, akarudi na kuninong'oneza: "Kaka, huko nje umelewa." Nikaizima korasi usiku kucha. Tangu siku hiyo natembea na maiki yangu ya pili na waya wake.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosa: vitufe vya kuzungusha vya kasi na kina ni vya vibrato, athari nyingine inayoyumbisha sauti. Korasi kwenye JC-120 imefungwa pale walipoifunga wao, swichi unaisukuma, unaipata, au unaiacha. Mimi sina ugomvi, sijawahi kusikia mahali bora pa kuiweka. Walipoitoa saketi hiyo nje ya ampu mwaka 1976 wakaifanya kisanduku cha miguuni, ikawa Boss CE-1, pedali ya kwanza kabisa kubeba jina la Boss, chapa ya Roland wenyewe.

Ampu ina chaneli mbili, na hilo ni baraka na balaa. Chaneli ya kwanza ni safi, haina athari. Ya pili ndiyo yenye mwangwi, vibrato, korasi na distosheni, yaani mkwaruzo wa makusudi. Mpiga kinanda wetu aliponunua DX7 ya Yamaha, ile iliyotoka 1983 na kuingia kila bendi duniani, hakuwa na ampu. Akachomeka kwenye chaneli yangu ya kwanza, kwenye tundu la Low, kwa sababu kinanda kinatoa mawimbi makubwa kuliko gitaa. Tukaishi hivyo, watu wawili kwenye ampu moja. Sauti zile za DX7, zile za kengele na piano ya umeme, sijapata kuzisikia vizuri kuliko kwenye JC. Lakini yeye alikuwa na tabia ya kupita nyuma yangu wakati wa mapumziko na kugusa kitu kidogo. Ukimuuliza, hajagusa. Nilibandika utepe mweupe chini ya vitufe na kuchora mistari kwa kalamu. Utepe bado upo, umekuwa wa njano.

Distosheni yake, sijui niseme nini. Kitufe kipo. Ukitaka gitaa linalonguruma, weka pedali mbele; ampu safi kama hii inaipokea pedali yoyote bila kuiongezea maneno. James Hetfield wa Metallica, ambaye hakuna anayeweza kumwambia kitu kuhusu mngurumo, ameitumia JC-120 kwa zile sehemu za gitaa laini. Kila chombo na kazi yake.

Kwenye chumba kimya utasikia "shhh" ndogo, hasa ukiwasha korasi. Kwenye dansi huisikii kabisa. Kwenye kurekodi utaisikia, na utakaa nayo. Mwangwi wake ni wa springi halisi, kwa hiyo mtu akiigonga ampu ikiwa imewashwa unapata radi. Mpiga solo wetu, yule wa friji, aliigundua siri hiyo na kuitumia kila nilipotaka kuongea na hadhira.

Bendi ile haipo tena. Mpiga besi amefariki, na masikio ya mpiga ngoma yanavuma usiku na mchana. Huyo ndiye aliyenifanya nianze kuvaa vizibo vya masikio hata mazoezini, nikiwa nimechelewa lakini si sana. Mpiga kinanda tunaonana, na DX7 anayo. Tukikutana tunachomeka vyote viwili kwenye ampu moja kama zamani, na akienda nyuma yangu nageuka.

Kwa anayetaka kununua leo: kama unapiga nyumbani, au mgongo wako una maoni yake, angalia JC-40 yenye spika mbili za inchi 10, au JC-22, ambayo ni ndogo zaidi. Korasi ni ya aina ileile, hewani, stereo. Ila ukiwa na mpiga ngoma asiyejua kupiga polepole, chukua 120, hutajuta. Kama unatafuta ampu itakayolia na kukwaruza ukiikaza, usiinunue kwa sababu ya jina, utaichukia ndani ya wiki.

Ukipata iliyotumika, kwanza iwashe bila korasi na usogeze sikio kila spika kwa zamu. Zote mbili lazima zitoe sauti sawa. Kisha washa korasi, sikiliza tena. Spika moja ibaki imetulia, nyingine iyumbe. Zote zikitulia, saketi ya korasi imekufa. Hapo omba punguzo la maana au ondoka, maana bila korasi unabeba kilo 28 za ampu ya kawaida. Zungusha kila kitufe mwanzo hadi mwisho. Kikikwaruza, usiogope, mara nyingi ni vumbi, fundi atapulizia dawa na kitanyamaza. Igonge kidogo juu uone kama springi inajibu. Na ichungulie kwa nyuma, maana nyuma iko wazi: ukikuta alama za maji au vinywaji kwenye mbao, muulize mwenyewe alikuwa anaweka glasi wapi.