Meli za usiku kati ya Goma na Bukavu: uzoefu wangu, na afya ya mabaharia

Mimi ni mfanyabiashara wa jibini la Masisi na maharage. Ninaishi Goma, mashariki mwa Kongo, ninauza Bukavu, na kwa miaka mingi mizigo yangu imevuka Ziwa Kivu kwa meli za usiku. Wengi wanaoniuliza kuhusu meli hizi hutaka kujua nauli, saa ya kuondoka na kama daraja la pili lina mahali pa kujinyoosha. Katika mambo hayo meli hazipishani sana. Tofauti kubwa nimeiona mahali ambapo abiria hatutazami: namna mabaharia wanavyoishi ndani ya meli, na hatua zinazochukuliwa mmoja wao anapougua. Nimezoea kutumia meli mbili, ambazo sitazitaja kwa majina. Nitaziita ya kwanza na ya pili.

Safari yenyewe naieleza kwa ufupi. Meli huondoka Goma jioni na kufika Bukavu alfajiri, wakati boti za mwendo kasi hutumia saa tatu hivi lakini hazipokei mzigo mkubwa. Mwenye magunia hupata nafuu majini kuliko katika barabara ya Minova na Kalehe, ambako wakati wa mvua lori huweza kukwama hadi bidhaa zikaoza. Meli zote mbili zina jaketi za kuokolea, na tangu mashua iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, mwanzoni mwa Oktoba 2024 na kuua watu wengi, wahudumu wanasisitiza tuzivae, jambo ninalowashukuru kwalo.

Abiria anayepanda jioni humkuta baharia mlangoni akikagua tiketi, akadhani kazi ndiyo inaanza. Kumbe mtu huyo yuko kazini tangu mchana, akipokea magunia kutoka kwa wapakiaji, akipanga kreti na kufunga kamba. Usiku atapokezana zamu na wenzake, alfajiri atashusha mzigo, kisha ataosha sitaha, na mchana atalala saa chache juu ya godoro ambalo mwenzake ameondoka dakika hiyo hiyo, ndani ya chumba chenye joto la mashine. Katika meli ya kwanza wote hula sahani moja na kunywa kwa kikombe kimoja, na maji ya kupikia, ya kuoshea vyombo na mara nyingi ya kunywa huchotwa ziwani kwa ndoo iliyofungwa kamba. Choo cha meli humwaga katika ziwa hilo hilo.

Sisi watu wa Kivu tunaliamini ziwa letu kupita kiasi. Halina mamba wala kiboko, maji yake yanapendeza macho, na kina chake kinakaribia mita 480, kwa hiyo tunajiambia kwamba maji mengi kiasi hicho hayawezi kuchafuka. Lakini ndoo ya baharia mara nyingi hushushwa meli ikiwa imefungwa gatini, pale pale mitaro ya mji inapoishia na watu wanapofua, wanapooga na wanapojaza bidoni zao. Goma inajua vizuri maana ya maji hayo. Julai 1994, wakimbizi walipomiminika kutoka Rwanda, kipindupindu na kuhara damu viliua maelfu kwa maelfu ya watu katika wiki chache, na tangu hapo ugonjwa wa kipindupindu haujatuacha. Miji ya maziwa ya mashariki, yaani Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie, ni miongoni mwa mahali unaporudi mara kwa mara. Baharia wetu anaishi kati ya miji miwili ya namna hiyo, na mdomo wake uko karibu na maji kuliko wa abiria yeyote.

Katika safari moja ya meli ya kwanza, kijana aliyekuwa akitugawia chai alitoweka mapema usiku. Baadaye tulisikia mtu akitapika nyuma ya jiko, na kabla ya usiku wa manane mpishi naye alikuwa ameketi sakafuni, macho yamezama na vidole vimekunjamana, haja ikimtoka nyeupe kama maji ya mchele. Melini hapakuwa na pakiti hata moja ya chumvichumvi ya kuongezea maji mwilini, wala klorini. Mama mmoja muuguzi, abiria mwenzetu, ndiye aliyeokoa hali: aliomba maji ya chupa kwa kila mwenye nayo, akachanganya katika kila lita vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akawanywesha kidogo kidogo hadi tulipotia nanga Bukavu. Walibebwa hadi kituo cha matibabu, wakatundikiwa seramu, wakapona. Kipindupindu kikali huweza kuua kwa saa chache, lakini mgonjwa anayerudishiwa maji mapema karibu kila mara hupona, ndiyo maana sanduku la dawa lililo tupu linaniuma mimi kuliko choo kinachonuka.

Kilichonisikitisha zaidi kilikuja baadaye. Sitaha ilioshwa kwa ndoo za maji ya ziwa, vijana wawili wengine wakachukuliwa gatini, na jioni ile ile meli ikauza tiketi. Nilipozungumza na baharia mmoja wa makamo, alinieleza kwa utulivu: «Mama, mimi ninalipwa kwa safari. Nikisema tumbo linaniuma, nitashushwa, na nyumbani hawatakula.» Alisema kijana wa chai alikuwa ameanza kuharisha tangu asubuhi na akanyamaza. Simlaumu kijana huyo hata kidogo. Mtu aliyemeza vimelea huanza kuugua baada ya saa chache au hata siku tano, na wengi hawaoni dalili yoyote ingawa kinyesi chao kinaendelea kubeba vimelea kwa siku kadhaa. Basi, ikiwa hata anayejijua mgonjwa analazimika kuficha ili alipwe, hakuna mlango wowote wa kuuzuia ugonjwa usimfikie abiria kupitia sahani na kikombe.

Jambo hili halihusu ziwa letu peke yake. Februari 2020, meli ya utalii Diamond Princess iliwekwa karantini huko Yokohama ikiwa na watu wapatao 3,700. Abiria walifungiwa vyumbani, lakini mabaharia waliendelea kupika, kugawa chakula na kulala pamoja katika vyumba vyao finyu, na virusi vya korona vikapita kati yao pia. Walioambukizwa kwa jumla walizidi 700. Ile ilikuwa meli ya kifahari yenye madaktari, na bado udhaifu ulikuwa pale pale ulipo kwetu, kwa mtu ambaye hana ruhusa ya kuacha kazi.

Meli ya pili ni ya kawaida, tena huchelewa kuondoka kuliko ya kwanza. Ila nyuma ya jiko lake kuna mapipa mawili yenye mfuniko na bomba, maji hutiwa klorini na kuachwa nusu saa kabla ya kutumiwa, na kila baharia ana kikombe chake. Kwenye mlango wa choo kuna ndoo ya kunawia yenye klorini hafifu, asilimia 0.05, na dumu jingine lililowekewa alama nyekundu lina klorini kali zaidi kwa ajili ya matapishi. Mabaharia wake waliniambia kwamba anayeugua hulipwa zamu zake za siku za mwanzo, na kwamba wao wenyewe walikwenda kumeza chanjo wakati wa kampeni. Chanjo hiyo ni haba duniani, kiasi kwamba tangu Oktoba 2022 kampeni za dharura hutoa dozi moja badala ya mbili, kwa hiyo kinga yake haiwezi kuchukua nafasi ya mapipa yale.

Kwamba mambo haya yanawezekana, tuliyaona wakati wa Ebola. Baada ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Goma Julai 2019, hakuna aliyepita gatini bila kunawa na kupimwa joto, na sote tulizoea. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2020, kwenye gati ninalotumia ndoo zilianza kukauka moja baada ya nyingine. Kisha aina mpya ya mpox, yaani homa ya nyani, iliyoanzia Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu wa Kivu Kusini, ikafika Bukavu na Goma, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Ugonjwa huo hupita kwa kugusana ngozi na kwa matandiko, na ninapokumbuka magodoro ya zamu ya meli ya kwanza ninaona wazi jinsi unavyoweza kuenea humo.

Anayesafiri kwa mara ya kwanza namshauri abebe maji yake ya kutosha usiku mzima na pakiti mbili za chumvichumvi, na kabla ya kulipa aombe kuonyeshwa mahali mabaharia wanapochota maji ya kunywa. Katika meli ya pili walinionyesha bila kusita. Mwenye meli ya kwanza nimemwandikia barua nikimwomba aanze na malipo ya siku za ugonjwa, kwa kuwa mapipa na klorini havigharimu kiasi cha kumshinda mtu anayejaza meli kila jioni. Hadi atakapofanya hivyo, jibini langu litasafiri kwa meli ya pili, hata siku ambazo inanifikisha sokoni Kadutu wateja wa asubuhi wakiwa wameshanunua kwingine.