Filta nyekundu ya GoPro: inarudisha rangi kweli?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nina kidude hiki, filta nyekundu ya kuvalisha mbele ya kava la GoPro. Kamera yenyewe huvumilia mita 10 bila kava, na kava lake hufika 60, kwa hiyo tuache habari za maji kuingia. Twende kwenye rangi.

Tazameni hapa. Mnemba, kisiwa cha Zanzibar, kina cha kama mita 10, jua la saa tano. Huyu ni kiti cha pweza mwenye nundu nyekundu, lakini hizo nundu mnaziona? Rangi ya udongo! Kamera haina kosa. Maji hunywa nyekundu kwanza: ukifika mita 5 nyingi imeshakwenda, machungwa inafuata, bluu inabaki mwisho. Na inahesabiwa safari yote ya mwanga, kutoka juu hadi kwa samaki, halafu kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, msogelee samaki. Hiyo ni bure.

Sasa nimeivalisha, palepale. Mchanga umeacha ubluu, nundu zimerudi. Ila maneno ya kwenye boksi yasikudanganye: filta haiongezi nyekundu hata chembe, inapunguza bluu na kijani. Ukichota mchuzi sufuriani nyama haizidi, inaonekana tu. Ndiyo maana ukipita mita 20 haikusaidii. Nyekundu ya kuokoa haipo, na filta yenyewe inakula mwanga, picha inajaa chenga. Kwenye mita 2 au 3 nako kila kitu kinakuwa chekundu. Ivue.

Na ukiwasha taa, filta itoke, jamani! Taa ina nyekundu yake. Ukichanganya, mzamiaji mwenzako anatoka mwekundu usoni. Lakini taa haifiki mbali, mita moja au moja na nusu hivi. Kwa konokono na kamba wadogo, taa. Kwa mwamba mzima wa matumbawe, filta.

Waiti balansi je, yaani kuiambia kamera nyeupe ni ipi ili rangi nyingine zikae sawa? Kamera ya Olympus TG-6 inakuruhusu kupima: ielekeze kwenye kibao cheupe, bonyeza, na ukibadilisha kina pima tena. GoPro haipimi hivyo. Mimi huiweka Native, yaani kamera isirekebishe rangi sana yenyewe, narekodi biti 10, yenye ngazi nyingi zaidi za rangi, kwenye GoPro yangu ya HERO11 Black, kisha namalizia rangi kwenye kompyuta.

Filta hii nyekundu ni ya maji ya bluu. Upande wa Mafia unaotazama delta ya Rufiji, maji yakiwa ya kijani, tafuta filta ya majenta, ile rangi ya waridi-zambarau.

Basi, ununue? Kama unazama mchana kati ya mita 5 na 15 na taa bado huna pesa yake, nunua, na hakikisha ina kamba, maana isiyo na kamba huchomoka ukijirusha kutoka kwenye boti. Unayeogelea juujuu na miwani, au unayezama usiku, hela hiyo nunulia betri ya akiba.