Begi la uzazi la "kila kitu kimo": chukua vya leba, khanga tafuta mwenyewe

Wifi yangu wa Ujiji alinitumia picha ya begi la uzazi, "kamili, mama na mtoto", shilingi 95,000. Nikamwambia asilipe kwanza mpaka nilishike kwa mkono. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, na nguo ya kwenye picha hainiambii kitu. Duka lenyewe ni dogo, mtaa wa nyuma ya soko, pampasi na mabeseni yamejaa mpaka mlangoni. Nikaomba begi lifunguliwe lote juu ya meza. Dada wa dukani hakununa, na kwa hilo tu anastahili sifa.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni vitu vya leba. Vimefungwa peke yake kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, umeandikwa LEBA kwa kalamu nene: glavu za kuzalishia, pamba, nyembe, vibanio vya kitovu, mpira wa kutandika, pedi kubwa za mzazi. Aliyewahi kumsindikiza mtu usiku anajua raha ya mpangilio huo. Nesi anataka mpira na glavu, na wewe uliyeshika begi unapekua, sweta huku, soksi kule, mwenzio analia kwa uchungu. Siku ya wifi, mama mkwe wake alichomoa mfuko mmoja akaukabidhi, akarudi kushika mkono wa mzazi. Glavu niliziangalia tarehe, zilikuwa bado. Ila chukua orodha uliyopewa kliniki ulinganishe kitu kwa kitu, maana orodha hazifanani.

Sasa taulo. Kwa macho ni zuri, la pinki, lina masikio ya sungura kwenye kofia. Nikalitandaza, nikamwagia maji ya kifuniko kimoja cha chupa. Maji yakasimama juu kama shanga. Nikainua upande mmoja, yakatiririka yote hadi sakafuni, na nilipopapasa chini ya taulo palikuwa pakavu. Hiyo ni poliesta tupu. Dada akasema litaanza kunyonya likishafuliwa. Ya pamba ndiyo hulainika hivyo. Hii ya kwake hata ukiifua mwaka mzima.

Na mtu asidhani nalalamikia urembo. Mtoto anazaliwa amelowa chapachapa, na ule unyevu ukiachwa umkaukie mwilini unaondoka na joto lake, hata kwetu Kigoma ambako mkubwa unajipepea. Ndiyo maana mkunga anamkausha palepale, anaweka pembeni kitambaa kilicholowa, anamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na kuwafunika wote wawili kwa kitambaa kingine kikavu. Hesabu mwenyewe: hapo vitambaa viwili vimeshatumika, na mtoto hata jina hana. Vyote viwili vinatakiwa viwe vinakunywa maji.

Kwenye begi la 95,000 khanga ilikuwa doti moja. Moja! Vipande viwili, basi vimeishia kwa mtoto. Mama atajifunga nini, atatandika nini, ataondoka hospitali amevaa nini? Tena ilikuwa mpya, haijakatwa, ina wanga mpaka inalia ukiikunja. Khanga mpya hainyonyi. Peleka doti tatu au nne, na kama ndani unazo za zamani safi, hizo ndizo za mtoto kabisa, zimeshalainika. Za dukani zikate, pinda, fua mpaka wanga utoke, anika juani, piga pasi, halafu zifunge kwenye mfuko wake. Na kama siku zako zinaangukia msimu wa mvua, ongeza doti nyingine, kwa sababu kuanzia Novemba hadi Aprili hapa unafua asubuhi na jioni nguo bado inatoa maji. Halafu soma jina la khanga kabla hujaiweka. Mama mkwe ndiye atakayesimama mlangoni amebeba mjukuu. Sasa amebeba ndani ya "Sina siri nina jambo", wodi nzima itajua nyumbani kwenu kuna kesi.

Zaidi ya theluthi ya begi ni vitu vya kuogea: sabuni, mafuta, poda, kitana, kibeseni. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kumwogesha mtoto kusubiri mpaka zipite saa 24, kwa hiyo vyote hivyo vikae nyumbani, na poda ikae dukani, vumbi lake halifai kwenye mapafu madogo hivyo. Kulikuwa pia na chupa ya kunyonyeshea. Ya nini? Mtoto anatakiwa awekwe titini ndani ya saa ya kwanza, apate yale maziwa mazito ya njano, na aendelee na maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Nikairudisha kwenye rafu mwenyewe.

Kofia ni nzuri, ya kufuma, laini mshononi. Soksi zigeuze ndani nje kabla hujazitumia. Nilikuta nyuzi ndefu zinaning'inia upande wa vidole, na uzi wa namna hiyo unaweza kujiviringisha kwenye kidole cha mtoto ukazuia damu bila mtu kuona. Nilizikata zote kwa mkasi. Zipu ya begi ilishonwa mstari mmoja unaoishia kabla ya kona, nikaongeza wa pili. Mfuko wa pembeni unatosha kadi ya kliniki na hela ya bajaji. Kandambili za mama hakuna, kikombe hakuna.

Nilipomwambia dada atutolee taulo, chupa na vya kuogea, alicheka. "Dada yangu, wateja wanataka begi lijae, likiwa na nafasi wanasema nimewaibia." Ninamwelewa, biashara ni biashara. Lakini alikubali, akatuuzia begi, mfuko wa leba, kofia, soksi, sweta, blanketi na pampasi ndogo kwa 60,000. Kwa bei hiyo ninalipendekeza bila kusita. Kwa 95,000, hapana.

Malipo ya simu anapokea. Walioko Mwandiga na Kalinzi anawapakilia kwenye gari, nauli juu yako. Ukiagiza hivyo, mwambie kabisa kwamba taulo hutaki, la sivyo sungura atakufuata hadi huko.