Organic Maps mjini Lubumbashi: ramani isiyokula mega

Kazi yangu ni kutengeneza friji na friza majumbani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuitafuta nyumba yenyewe. Mteja wa komuni ya Kampemba au ya Annexe anakuelekeza hivi: "Papa fundi, ukishuka kwenye taxibus uliza kwa mama wa makala (makaa), halafu geti la bluu." Mageti ya bluu yako mengi. Siku hizi namwomba mteja anitumie pointi ya mahali alipo kwa WhatsApp, naifungua ndani ya Organic Maps, programu ya ramani ya simu, basi, simsumbui tena hadi niko mlangoni.

Kilichonivuta kwanza ni mega, yaani data ya simu. Ramani unaipakua yote mara moja, mahali penye Wi-Fi, kisha unazima data na kwenda zako. Watu wengi hapa wanaamini GPS ndiyo inayomaliza mega. Sivyo. Simu inasikiliza tu: setilaiti zinatuma saa zake kutoka angani, na simu ikizipata nne inapiga hesabu na kujua iko wapi. Kinachomaliza mega ni picha ya ramani inayoshushwa kila unaposogea, na hapa picha hiyo imeshakaa ndani ya simu. Kutafuta jina la avenyu na kuchorewa njia, vyote vinafanyika bila mtandao. Haikuombi akaunti wala namba ya simu, na hakuna tangazo linaloruka mbele ya macho wakati pikipiki iko barabarani.

Ninachokipenda kuliko vyote ni alama. Nikimaliza kazi nabonyeza pale niliposimama, nashikilia kidole, naandika "friza nyeupe, kompresa mpya, mbwa mkali", kisha naipa rangi. Nyekundu ni ya anayedaiwa, kijani ameshalipa. Jumamosi nikifungua ramani naona palepale deni limelala wapi, iwe komuni ya Kenya, Kamalondo au Katuba, na napanga mzunguko wangu kufuata zile nyekundu.

Historia yake nayo inafaa kujulikana, maana inaeleza kwa nini naiamini. Ilianza kama MapsWithMe, baadaye ikaitwa Maps.me. Mwaka 2014 ilinunuliwa na Mail.ru ya Urusi, na mwaka 2020 ikauzwa tena kwa wenyewe wengine. Lakini msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, ulikuwa umeshawekwa wazi kwa wote, kwa hiyo mwaka 2021 baadhi ya waanzilishi waliuchukua na kutengeneza Organic Maps, ambayo inaishi kwa michango. Ramani yenyewe inatoka OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuujaza. Kampuni zinauzwa kila siku, na programu unayoitegemea leo kesho inaweza kuwa ya mtu mwenye mipango mingine kabisa. Hapa hakuna wa kutunyang'anya barabara zetu, kwa kuwa hazikuwa mali ya kampuni.

Upungufu upo. Namba za nyumba katika kartiye zetu hazijaandikwa na mtu, hivyo usitegemee kumpata mteja kwa namba. Foleni ya magari ya saa hii huioni. Anayeendesha teksi katikati ya mji ni afadhali abaki na Google Maps. Na mvua za Novemba hadi Aprili zikianza, njia iliyonyooka kwenye ramani inaweza kuwa bwawa, kwa hiyo waulize wamotari, wale wa teksi za pikipiki, kwanza.

Mapengo ya ramani tunaweza kuyaziba wenyewe. Ukifungua akaunti ya OpenStreetMap unaongeza mahali humohumo ndani ya programu. Nimeshaweka kisima, kituo cha afya na maduka ya vipuri. Wengine hawavioni papo hapo, wanasubiri toleo jipya la ramani, lakini vinafika. Fundi, muuza gesi, mwenye kupeleka keki, kila mmoja akiandika anapopita, komuni yote ya Rwashi itajaa kwenye ramani.

Mwaka 2025 baadhi ya wachangiaji walijitenga na kuanzisha CoMaps, wakitaka mradi uendeshwe kwa uwazi zaidi. Mimi bado niko Organic Maps, na kila mwisho wa mwezi nazitoa alama zangu zote kama faili ya KML, ambayo programu nyingine za ramani zinaweza kuisoma, na kuihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu. Siku nikiamua kuhama, nahama na wateja wangu wote.